Firauni Hatajwi Pale

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Hali sikuulizi, maana nakusikia hapo ukumbini unabishana na mamako juu ya uzito wa begi, na yeye ndiye anayeshinda. Umemwambia Dar es Salaam nazi zipo. Amekujibu, "Zipo, lakini za huko hazikujui." Sijui maana yake nini, na nadhani hata yeye hajui, ila nazi sita zimeshaingia begini.

Nimekaa kwenye mkeka wa chuo changu cha Kurani, hapa uani. Watoto nimewaruhusu mara tu baada ya laasiri, nikawaambia mwalimu ana barua ya kuandika. Walivyotoka mbio, hata mmoja hakuuliza barua ya nani. Basi lako ni kesho alfajiri, na najua nikingoja kukuambia haya kwa mdomo nitaishia kukwambia ufunge dirisha vumbi lisikuingie. Ya safari, ya chakula, ya sala na ya watu wa mjini mamako keshayasema mara tatu. Mimi nina moja tu, na nimekaa nalo miaka kumi na mitano.

Juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mamako kwamba ni heri upange chumba chako mwenyewe kuliko kufikia kwa kaka yako. Akakuuliza kwa nini. Ukasema, "Mama, Kaka Bakari hajanisamehe lile neno. Ntakaaje kwake?" Mamako akakwambia uache mambo ya utoto. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango natafuta kandambili, nikarudi uani pekupeku. Neno lile, mwanangu, lilikuwa langu kabla ya kuwa lako, na sitaki uingie nyumba ya Bakari hulijui hilo.

Nianze na kompyuta yako, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Unakumbuka ulipokuwa ukinitengenezea ile programu ya chuo, yenye majina ya watoto na kila mmoja alipofika katika msahafu, ili nikibonyeza jina nione somo lake la kesho. Ulikuwa ukiketi hapa hapa mkekani, kompyuta juu ya kigoda, nami nawasikiliza watoto kwa sikio moja na kukutazama kwa jicho moja. Nikaona unachoandika kinapigiwa mstari mwekundu chini yake, pale pale, hata kidole hujakiinua. Nikakuuliza ni nini hicho.

"Hiki kinanisomea, baba. Nikikosea kinanambia papo kwa papo, nisende mbali na kosa."

"Basi ndiye mie huyo," nikasema.

"Ndiye weye, ila chenyewe hakina bakora."

Watoto wakacheka, nami nikacheka, na moyoni nikajisifu. Mtoto akikosea irabu moja katikati ya sauti ishirini zinazosoma kwa pamoja, bakora yangu inagonga mkeka mbele yake kabla hajafika neno la pili. Makorora nzima wananijua kwa hilo. Kuna wazazi wanaowatoa watoto wao vyuo vya karibu wakawaleta kwangu kwa ajili ya sikio hili tu.

Kisha ukaandika nusu ya mstari ukasita, unafikiri, na ule wekundu umetanda chini yake. Nikakwambia umekosea hapo. Ukanijibu bila kunitazama, "Sijakosea, baba. Sijamaliza. Chenyewe hakijui nnakokwenda, kikiona nusu kinadhani kosa." Ukanieleza kwamba mwanzoni kilikuwa kinakutia kiwewe, unaanza kurekebisha kabla hujajua ulitaka kusema nini. Ukabonyeza mahali fulani, wekundu ukatoweka. Ukasema ukiwa na jambo gumu huwa unakiagiza kingoje umalize, ukishamaliza ndipo kikague, na hapo kiseme kitakalo. Nikasema sawa, nikarudi kwa watoto.

Wiki iliyofuata ukaniita umekunja uso. Ulibonyeza jina la mtoto mmoja likaja somo la mwenziwe. Ukabonyeza jingine, hivyo hivyo. Na hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Ilikuchukua mpaka magharibi kuona kilichotokea. Chombo kile kile, ukiandika neno la kwanza, hukukisia mstari uliobaki kwa maandishi ya kijivu, na ukiridhika unabonyeza kitufe unakuwa wako. Mahali pamoja kilikuletea mstari wa faili jingine linalofanana na lile.

"Nilishaandika wangu, na ulikuwa sawa," ukasema. "Kikanipa wake. Nikaona chenyewe kinajua kuliko mie, nikaufuta wangu nikafuata."

Ukaendelea kuandika, unaimba kwa pua. Mimi nilitaka kusimama nikashindwa. Ukaniuliza, "Mguu umekufa ganzi, baba?" Nikakwambia ndiyo, mguu.

Sasa nakwambia ilivyokuwa.

Kaka yako alikuwa na miaka kumi na minane, wewe tisa. Alikuwa amehifadhi msahafu wote, mimi ndiye niliyemsomesha, na Ramadhani ile wazee wa msikiti wetu walimpa tarawehe asalishe. Mamako aliifua kanzu yake mara mbili ingawa ilitoka kwa fundi siku hiyo hiyo. Mimi nikasimama nyuma yake sawasawa, mahali pa mtu anayejua. Imamu akikosea kisomo, aliye nyuma humfungulia, yaani humtamkia neno linalotakiwa, naye akalishika mkaendelea. Hakuna aibu katika hilo. Nimewafungulia maimamu wengi, na mimi nimefunguliwa.

Siku kumi na nane alisoma vizuri, nami nilimkatiza mara nyingi tu. Alikuwa akitua avute pumzi, mimi namtamkia linalofuata, ilhali alilijua. Nilidhani namsaidia. Watu walitupongeza sote wawili, na nilipenda kupongezwa.

Siku ya kumi na tisa alifika kwenye kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni, katika sura ya Shuaraa. Unajua kisa hicho kimekuja katika sura zaidi ya moja na maneno yanakaribiana sana. Wachawi wanasema wamemwamini Mola wa Musa na Harun, kisha Firauni anawajibu. Katika sura ya Aaraf, hapo anatajwa kwa jina: Firauni akasema. Katika Shuaraa, aliyokuwa akiisoma Bakari, jina halipo. Ni "akasema" tu, basi. Bakari akasoma kama ilivyo, na mimi nikamkatiza. Nikatamka, "Firauni."

Akasita. Akaanza tena aya ile, kama ilivyo. Nikatamka tena, kwa sauti ya chuoni, mpaka safu ya nyuma wakasikia. Akaanza mara ya tatu, kama ilivyo. Nikatamka mara ya tatu. Naona mabega yake yanapanda na kushuka. Kisha akanifuata. Akaingia Aaraf, akaenda aya mbili tatu, akajikuta yuko sura nyingine kabisa na njia ya kurudia haioni. Akarukuu. Rakaa ya pili akasoma sura fupi ambayo hata mtoto aliyeanza chuo juzi anaijua, na sauti imemkauka. Tulipotoa salamu mzee mmoja akamshika bega akamwambia apumzike, akasogezwa mtu mwingine.

Nilifika nyumbani nikafungua msahafu kabla ya kuvua kofia. Nikatafuta pale. Firauni hatajwi. Mamako akaniuliza natafuta nini, nikamwambia hakuna kitu, nikaufunga nikaurudisha rafuni.

Ilikuwa kazi ya sentensi moja, Zuhura. Mwanangu alisoma sawa, mimi ndiye niliyekosea. Kesho yake ningeisema kabla ya sala na mambo yakaisha, watu wangecheka kidogo wakaenda kunywa uji. Nilijiambia mwalimu aliyefungulia vibaya nani atamletea mtoto. Nilijiambia Bakari ni kijana, atasahau. Nilijiambia pia, na hili ndilo baya kuliko yote, kwamba huenda limemfaa, asije akaringa.

Vijana wa mtaa wakaanza kumwita Firauni. Neno nililomtilia mimi mdomoni likawa jina lake. Akipita na baiskeli wanaliita toka dukani mpaka kona. Hata watoto wa chuo changu walikuwa wakinong'onezana akikatiza hapa uani kwenda kuoga. Mimi huyu, ninayesikia irabu iliyopotea kati ya sauti ishirini, nilijifanya sisikii. Akawa anatoka na baiskeli kabla ya magharibi na kurudi saa nne. Mamako akadhani kapata mchumba, akafurahi. Baadaye nikaja kujua alikuwa akienda kusali Pongwe, mwendo wote ule, kwa kuwa huko hakuna aliyemjua.

Kisha ikaja ile siku ya ndoo. Mligombana bombani, nani akinge kwanza, ukamwambia, "Huniwezi, Firauni we." Aliitua ndoo chini taratibu, maji yasimwagike, akaingia ndani. Mimi nikakuchapa. Nilikuchapa vibaya, mpaka mamako akaja akaninyang'anya bakora. Wiki ya pili yake Bakari akaenda Dar es Salaam kwa rafiki yake fundi umeme, hakurudi tena kukaa. Na wewe ukabaki umeshapanga mambo kichwani mwako: nilisema neno, baba akanichapa, kaka akaondoka, basi ni mimi.

Hukuwa wewe. Nilikuchapa kwa kosa langu. Nilijua ni langu wakati mkono uko juu, na bado nikaushusha. Nisamehe, mwanangu.

Nilidhani nikifika hapa nitalia. Sijalia. Nimekuwa hivi muda mrefu, moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, nauona upo lakini nikiugusa naona wa mtu mwingine. Bakari alipooa nilikwenda, nikala pilau, nikarudi. Alipopata mtoto wa kwanza nikapigiwa simu hapa chuoni, nikasema alhamdulillahi, nikamwambia mtoto aliyekuwa mbele yangu aendelee. Huwa tunaongea, ndiyo. Shikamoo baba, marahaba, hamjambo, hatujambo, nipe mama. Hata la kuondoka kwako kesho, akili inaniambia ni zito. Mwili bado haujaniambia kitu.

Nilipokuwa mdogo Mwera, kabla babu yako hajatuhamishia mjini, maalim wangu alitusomesha kwa ubao. Unaandika aya zako kwa kalamu ya mti mpaka ubao ujae, na yeye muda wote anashona kofia, hata hakutazami. Ukimaliza unampelekea. Anausoma wote kimya, kisha anaweka kidole mahali pamoja na kukuuliza, "Hapa ulikuwa wenda wapi?" Nilidhani ni uvivu wake. Nilipofungua chuo changu niliapa watoto wangu hawatangoja ubao ujae ndipo wajue wamekosea. Na kweli husoma safi kuliko tulivyosoma sisi. Ila tangu siku ile ya programu yako nimeanza kuwaangalia machoni wanaposoma, na wengi wao wanaitazama bakora. Wiki hii nimeiweka juu ya kabati. Siku ya kwanza walisoma ovyo sana, nikakaa nimeukalia mkono.

Sikwambii ukizime hicho chombo chako. Kosa dogo likishikwa mapema ni nafuu, nimeishi kwa kazi hiyo na wewe umeshiba kwayo. Nakwambia tu niliyoyaona. Itakuja siku uko sawa, na mtu au kitu kinachojua mengi kuliko wewe kitakwambia hapana. Bakari alikuwa sawa mara tatu, ya nne akaniachia kwa adabu, na adabu hiyo nilimfunza mimi. Na itakuja siku wewe ndiye umesimama nyuma ya mtu, unajua, ulimi unakuwasha. Hiyo ni ngumu zaidi. Sina cha kukufundisha hapo, maana mimi mwenyewe nimeianza leo.

Leo baada ya adhuhuri nilimpigia kaka yako.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Zuhura keshajitayarisha? Chumba cha watoto nimeshampisha, wenyewe watalala na siye. Haya, nipe mama."

"Sikupi mama," nikasema. "Nna neno."

Nikalisema, na nililisema vibaya, nikaanzia katikati. "Ile tarawehe. Shuaraa. Ulikuwa sawa weye. Mie ndiye niliyekosea, na nilijua siku ile ile, nilitazama msahafu."

Alikuwa kazini, nikasikia mtu anatoboa ukuta kwa mashine. Ikatoboa, ikanyamaza. Kisha akasema, "Najua, baba."

"Ulijua lini?"

"Nilijua nikisoma."

"Mbona ukanifuata?"

"Ulikuwa nyuma yangu, baba. Ningekwenda wapi?"

Nikamwomba radhi, akasema haya baba, kama mtu anavyopokea kitu kilicholetwa kimechelewa. Nikamwuliza juu yako, lile neno la bombani, kwamba unaogopa kufikia kwake. Hapo alicheka. Sijui mara ya mwisho kumsikia akicheka ilikuwa lini. "Zuhura? Kadogo kale? Alikuwa akinifichia nusu ya kitumbua chake kila futari, toka siku ile ya msikitini mpaka Idi. Ndiye mtu pekee aliyenipa kitu." Wewe umesahau vitumbua ukakumbuka neno moja. Basi nimekuletea vitumbua vyako, uende navyo.

Kisha nikamwomba jambo nisilokuwa na haki nalo. Nikamwambia, nisomee pale. Nilidhani atakata simu. Nikasikia anatembea, mlango ukafungwa, kelele zikaisha. Akaanza mbali, toka wachawi wanapotupa kamba zao. Sauti yake imekuwa nzito, ya mtu mzima, ningeisikia njiani nisingeijua. Akafika walipoanguka wakasujudu. Akafika kwa Mola wa Musa na Harun. Akanyamaza.

Nilikuwa na neno mdomoni, Zuhura, na safari hii lilikuwa lenyewe, la sura ile. Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Sijui tulikaa muda gani, yeye na pumzi zake, mimi na zangu. Mtoto mmoja alikuja na msahafu kifuani, akaniona vile, akarudi kinyumenyume. Mwisho Bakari akasema kwa upole, "Ntamalizia siku nyingine, baba. Nimeitwa." Simu ikakatika.

Sijui kama kweli aliitwa. Tangu hapo nimekaa hapa mkekani, na ile ganzi haijatoka, ila pana kama sindano sindano, zile za mguu unapoanza kurudi, na zinauma. Kama ni hivyo, acha ziume.

Mtaani nitalisema mwenyewe. Nimeshamwomba imamu dakika mbili Ijumaa hii baada ya sala, akaniuliza za nini, nikamwambia za kusahihisha kisomo. Hilo usilibebe wewe, wala usimtangulizie kaka yako. Atalisikia kwa watu, kama alivyosikia lile la kwanza.

Wewe nakuomba moja tu. Kesho jioni utakuwa kwake. Nyumba ni ndogo, na mkewe ameniambia alfajiri husoma kwa sauti watoto wakiwa bado wamelala. Huenda ukamsikia anafika pale. Akinyamaza, usimtamkie, hata kama neno unalijua, na unalijua, nilikusomesha mimi. Mwache. Huenda anavuta pumzi.

Babako,
hapa mkekani Makorora, nawe bado unabishana na mamako ukumbini.